Maoni Hamsini Kabla Mvua Hazijakatika

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri. Nimeweka ndoo chini ya pembe ya dari inayovuja, nikakaa kwenye kiti changu, na kwa kuwa hakuna aliyeingia hadi saa nne, nimefungua daftari hili.

Jana binti yangu alikuja. Ni mwanangu wa pekee, anaishi mwendo wa nusu siku kwa basi. Alikuta alama ya jeraha kwenye paji la uso wangu, ikabidi nimweleze kwamba mwezi uliopita niliteleza bafuni nikalala sakafuni tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka mguu ulipokubali kusimama.

"Baba, ungefia mle ndani, nani angejua?"

"Wateja wangejua."

"Wateja gani?"

"Wapo."

"Nionyeshe."

Sikuwa na cha kumwonyesha. Duka langu ni chumba kimoja cha kutengeneza pasi, feni na redio. Nilikifungua na marehemu mama yake nilipostaafu ualimu. Yeye alikaa mbele na watu, mimi nyuma na bisibisi. Sasa mbele na nyuma ni mimi.

Binti alichukua simu yangu akaliweka duka kwenye ramani, pamoja na picha ya kibao chetu. Nieleze jinsi jambo hili lilivyo, maana mimi mwenyewe nilielezwa mara mbili. Mtu akishahudumiwa, anaweza kufungua ramani ile kwenye simu yake, akalipatia duka nyota kuanzia moja hadi tano, akaandika maneno machache. Maneno hayo huitwa maoni, na yeyote popote anaweza kuyasoma.

"Mvua zikikatika," alisema, "nataka niwe nimesoma maoni ya watu hamsini wanaokujua. Wasipofika, unafunga duka unakuja kukaa kwetu. Chumba kipo."

Chumba kipo, nakijua. Kina kitanda, dirisha la kutazama ukuta wa jirani, na siku nzima isiyo na pasi hata moja. Nilikubali, na ahadi ni deni.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Wateja wawili. Sikuthubutu kuwaomba.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimethubutu. Mama mmoja alikuja kuchukua pasi. Nina desturi mbili nisizoziacha: simrudishii mtu kifaa chake kabla sijamweleza kiliugua nini, na kila kifaa hurudi na kikaratasi nilichoandika kwa mkono wangu chenye maelezo hayo hayo, ili asisahau. Nikamweleza kwamba waya hukatika pale karibu na mpini kwa sababu watu huuzungusha kwenye pasi ingali moto. Aliitikia kwa kichwa vizuri. Kisha nikakohoa, nikasema kama hatajali, na kama ana nafasi, na kama si usumbufu, aniandikie maoni.

"Nitaandika nikifika nyumbani, Mwalimu."

Jirani yangu fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni. Mtaa mzima unamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alimsubiri mama yule aondoke.

"Mwalimu, wewe unaomba maoni au unaomba posa?"

"Nimeomba kwa adabu."

"Adabu imezidi. Mama wa watu ameanza kufikiria atamwambia nini mumewe."

Jumatano, 12 Machi

Hakuna aliyeandika. Wote wanasema "nikifika nyumbani". Nyumbani kuna watoto na sufuria, na pasi ikishapona husahaulika kama jino lililong'olewa.

Binti yangu amenishauri kwa simu: mwombe mtu pale pale anapoona kitu chake kinafanya kazi, uso ukiwa bado na furaha. Amenitumia pia karatasi yenye mraba wa vidoadoa. Mteja anauelekezea simu, na ukurasa wa duka unajifungua. Nimeibandika mezani. Tena amenilipia mtandao hapa dukani, ili asiwepo mtu wa kusema simu yake haina data.

Jumamosi, 15 Machi

Maoni ya kwanza. Ni ya Sindano, kwa simu yake, kutoka upande wake wa ukuta: "Jirani mzuri. Havuti sigara." Nyota tano.

Nilimwambia hajasema lolote kuhusu kazi yangu. Akasema hajawahi kuniletea kazi, na yeye si mtu wa kusema uongo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeugundua ugonjwa. Leo watu watatu waliuelekezea simu ule mraba, ukurasa ukafunguka, wakabaki kuutumbulia macho. "Niandike nini, Mwalimu?" Mmoja aliandika "Sawa" akafuta.

Ugonjwa huu nimeutibu miaka thelathini na moja katika darasa la sita. Mtoto si kwamba hana la kusema; anaogopa mstari wa kwanza. Dawa yake ni insha ya kuongozwa: mwalimu anaandika sentensi zenye mapengo, mtoto anajaza. Jioni nimeutoa stoo ule ubao mweusi niliopewa siku ya kustaafu, nimeupangusa, nimeutundika mbele ya benchi la wateja, na nimeandika kwa mwandiko wa kuunganisha:

*Nilileta ______ yangu ikiwa na tatizo la ______. Fundi alinieleza chanzo chake kwa ufasaha. Sasa inafanya kazi barabara. Nawashauri wengine wafike bila kusita.*

Mkono bado unaikumbuka chaki.

Jumatatu, 24 Machi

Tisa.

Jumamosi, 29 Machi

Kumi na sita. Wanakaa kwenye benchi wakinakili kwa vidole, midomo ikichezacheza. Ninapita nyuma yao nikiwa nimefunga mikono mgongoni. Mzee mmoja wa rika langu aliandika "pasi yangu ikiwa na tatizo la mke wangu". Nikamrekebisha. Akasema ndilo tatizo lenyewe, yeye ndiye anayeiangusha.

Nje mvua haina breki. Ndani benchi limejaa. Nimejikuta nikimtafuta mama yake binti kwa macho, nimwonyeshe.

Jumatano, 2 Aprili

Leo amekuja muuguzi wa zahanati ya barabara ya juu, angali na sare yake, kuchukua redio aliyoileta juzi ikiwa imefungwa kwa taulo. Redio ya zamani, ya kuzungusha kitufe kutafuta stesheni. Lehemu ya waya wa spika ilikuwa imepasuka. Niliilehemu upya, nikapuliza vumbi, na kwa kuwa sipendi kurudisha kitu kichafu, nikaisugua nje ikang'aa. Kioo cha masafa kilikuwa na kipande kikuukuu cha plasta ya kidonda, cheusi kwa uchafu, kimebandikwa katikati. Nilikibandua nikaiondoa gundi yake kwa spiriti.

Nikaiwasha. Ikaongea. Nikamweleza habari za lehemu, jinsi joto na baridi vinavyoivuta na kuiachia mpaka ikachoka. Nikamweleza spika, jinsi karatasi ile inavyotetemeka. Kisha kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa na hakuwa na pa kwenda, nikamweleza mawimbi yenyewe. Alikuwa anakitazama kioo. Akaweka kidole katikati yake, akakiondoa.

Nilipomwonyesha ubao alisema, "Shikamoo yako nilishakupa, Mwalimu. Maoni nitaandika ya kwangu."

Alhamisi, 3 Aprili

Ameandika. Nayanakili hapa kama yalivyo:

*Nyota mbili. Redio imepona, inaongea vizuri. Fundi naye anaongea vizuri. Hakuna kati yao anayesikiliza.*

Nimeyasoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Miaka yote hii nimesahihisha maandishi ya watu, na lazima nikiri kwamba hapa hakuna cha kusahihisha. Kila neno limekaa mahali pake. Ndicho kinachoniuma.

Nilimsomea Sindano kupitia ukuta.

"Ni mkali," alisema.

"Ni mkosefu wa shukrani. Nimemhudumia saa nzima."

"Hiyo saa nzima ndiyo kesi yenyewe, Mwalimu."

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeandika jibu la kurasa mbili. Sikulituma.

Jumapili, 6 Aprili

Binti amepiga simu kama kila Jumapili. Nilimwambia tumefika ishirini na mbili, kisha, kama mtu anayetaja mafua, nikamtajia muuguzi. Alikuwa ameshasoma.

"Ndiyo niliyoyapenda, Baba."

"Nyota mbili?"

"Yale mengine yote yanasema unaeleza kwa ufasaha. Huyu alikuwa kwenye chumba kimoja na wewe."

Nikamweleza kwamba kazi ya fundi ni kueleza. Akasema ndiyo, Baba. Nikaendelea kumweleza. Akasema ndiyo, Baba. Mama yake alikuwa na "ndiyo" ya namna hiyo hiyo.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepunguza jibu hadi ukurasa mmoja. Sikulituma.

Jumatano, 16 Aprili

Thelathini na moja. Nyota tano tupu, ukimtoa mmoja. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana mvi, alijaza mapengo bila kosa hata moja. Nilimpa alama ya vema kwa chaki pembeni ya ubao, tukacheka.

Usiku wa kuamkia leo maji yalifika kizingitini. Nimeinua vifaa vyote rafu ya juu.

Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi nilifungua simu kuhesabu. Nilizima nikawasha. Nilidhani ni macho.

Yamebaki maoni mawili.

Nilimpigia binti yangu kazini, jambo ambalo huwa silifanyi. Aliniambia nisubiri, nikasikia akigonga vitufe, kisha akapumua.

"Baba, walikuwa wanaandikia wapi?"

"Hapa dukani. Kwenye benchi."

"Kwa mtandao wa dukani?"

"Si ndio ulionilipia?"

"Na waliandika nini hasa?"

Nikamsomea ubao. Nikamsikia anacheka, kicheko cha mtu ambaye angelia kama asingekuwa ofisini.

Alinieleza pole pole, kama mimi ninavyoeleza. Ramani ile ina mtambo unaolinda watu wasijisifie wenyewe. Mtambo umeona maoni ishirini na tisa yaliyotoka mahali pamoja kwa mtandao mmoja, yana sentensi zile zile, nukta zile zile. Umeamua yameandikwa na mtu mmoja aliyejigeuza watu ishirini na tisa. Umeyafuta yote.

Waliosalimika ni wawili tu walioandika kwa simu zao na vichwa vyao: Sindano, kwamba sivuti sigara, na muuguzi.

Ijumaa, 25 Aprili

Sindano alikuja, akausoma ubao toka juu hadi chini, mikono kiunoni.

"Mtambo haujakosea sana," alisema. "Uliwafanya wote waongee kwa mdomo wako."

Nilitaka kumweleza tofauti kati ya kuongoza na kulazimisha. Nilishafungua mdomo. Nikaona anaitazama saa ya ukutani kwa jicho la pembeni, vile vile alivyoitazama jana, na juzi, na ninaamini miaka yote hii. Nikafunga mdomo. Alionekana kushangaa, akaenda zake.

Nimefuta ubao. Vumbi la chaki limenikaa kooni.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Hakuna mtu. Hamsini hayafiki. Nimeanza kukifikiria kile chumba chenye dirisha la ukuta.

Alhamisi, 1 Mei

Kikohozi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeketi kitandani nyumbani na daftari magotini. Binti yangu yuko jikoni anachemsha maji kwa hasira. Niandike kwa utaratibu.

Ijumaa iliyopita niliamka na homa na kifua kizito. Nilijiambia nitapumzika nusu siku. Siku hiyo hiyo umeme ulikatika mtaa mzima kwa sababu ya mvua, na simu ikazimika Jumamosi. Baada ya hapo siku zilishikana. Nakumbuka mvua kwenye bati. Nakumbuka kunywa maji ya ndoo kwa kikombe na kufikiri kwamba kuinuka mara ya pili ni kazi ya kesho. Nakumbuka zaidi ya yote kwamba nilikuwa nikitega sikio mlangoni. Mtu akiwa na homa husikia mengi, lakini mimi sikusikia hodi. Nikamwambia mama yake binti, kwa sauti, kwamba mtoto wetu alikuwa na haki ya kuuliza: wateja gani?

Jumatano jioni hodi ilikuja, na si ya mkono mmoja.

Alikuwa Sindano, amelowa mpaka kwenye soksi, na nyuma yake muuguzi na mkoba wake. Muuguzi hakusalimu. Aliweka sikio kwenye mgongo wangu, akanihesabia pumzi, akasema, "Safari hii, Mwalimu, usinieleze kitu. Vuta pumzi. Toa." Ni kichomi, lakini kimewahiwa. Saa moja baadaye binti yangu akaingia na begi la safari.

Niliuliza wamenipataje. Sindano alitazama viatu vyake. Tumekuwa majirani wa ukuta mmoja miaka kumi na moja, na hakuwa anajua ninapolala. Wala mimi sijui anapolala yeye.

Binti alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua simu yake, akanisomea. Nayaandika yale niliyomwomba anirudie.

*Nyota moja. Nimefika mara mbili pamefungwa. Huyu mzee hafungi hata mafuriko yakija. Yuko wapi?*

*Nyota tatu. Feni yangu iko ndani, lakini siulizii feni. Namuulizia mwenyewe.*

*Nyota moja. Niliandika zamani mkafuta. Sasa naandika kwa kichwa changu. Kikaratasi chake cha pasi bado kipo kabatini mwangu, nakisoma nikikosa la kusoma. Mwalimu, fungua.*

*Nyota moja mpaka afungue. Akifungua nitabadilisha.*

*Mimi ndiye jirani wa sigara. Siku ya nne leo. Aibu ni yangu kwamba sijui kwake. Anayejua aseme.*

*Mimi ni muuguzi niliyempa nyota mbili. Nikitoka zamu nina nafasi. Nielekezeni.*

*Nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya shule, aliniletea feni kwa baiskeli, nikamsindikiza kwake siku moja kwa sababu alikuwa hajamaliza kunieleza.*

Binti yangu alikuwa anapiga simu tangu Jumapili bila kunipata, akadhani ni umeme. Jumanne alifungua ukurasa wa duka aone kama kuna jipya. Alikata tiketi ya basi la kwanza.

"Mangapi?" niliuliza.

"Kumi na manne."

"Na nyota?"

"Wastani ni mbili na kidogo. Ni duka baya kuliko yote kwenye ramani hii."

Alianza kucheka, kisha haikuwa kucheka tena.

Jumapili, 11 Mei

Anaondoka kesho. Leo nilimwuliza, maana sipendi jambo kuning'inia. "Si hamsini."

"Si hamsini, Baba. Lakini mimi nilitaka kujua nani angejua. Nimejua. Kaa na duka lako."

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Kisha akaichukua tena simu.

"Huyu wa feni anaitwa nani?"

Sikujua.

"Huyu wa kikaratasi ana watoto?"

Sikujua. Najua waya wa pasi yake ulikatikia wapi.

"Mama alikuwa anajua," alisema. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anakunja nguo zake. Na ni kweli: yeye aliwauliza watu mambo yao huku mbele, na mimi kule nyuma nilikuwa nasikia vicheko, nikidhani ni sauti ya duka.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefungua. Sindano alipiga ngumi tatu ukutani. Nikampigia tatu.

Jumatatu, 26 Mei

Siku ya tano bila mvua. Nimeanika benchi juani. Nimeichana ile karatasi ya jibu, na kwenye ukurasa wa duka, chini ya nyota mbili za muuguzi, nimeandika kwa kidole kimoja: *Redio ilikuwa ya nani?*

Jumatano, 28 Mei

Amekuja baada ya zamu, na redio kwenye taulo. Niliuliza ina tatizo gani. Akasema haina.

Nilifunga mkebe wa bisibisi, nikatoka nyuma ya meza, nikakaa naye kwenye benchi. Sijawahi kukaa pale. Ukiwa pale, ubao unaonekana mkubwa sana.

Ilikuwa ya mama yake. Mengine aliyonieleza ni yake, sitayaandika. Lililo langu ni hili: mama yule macho yalimwisha mapema, akawa anatafuta stesheni yake kwa kidole, na ile plasta niliyoibandua ndiyo iliyokuwa alama yake. Ilibandikwa miaka tisa iliyopita na binti yake, muuguzi huyu huyu, siku yake ya kwanza ya kuvaa sare. Uchafu ule mweusi ulikuwa wa kidole kimoja.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilitafuta pa kuanzia, na kila pa kuanzia palikuwa maelezo. Kwa hiyo nikakaa kimya, naye akaendelea, na saa ya ukutani sikuitazama, wala yeye.

Alipomaliza alitoa kwenye mkoba roli la plasta, akakata kipande kwa meno. Hakukibandika. Alinipa mimi.

Nikawasha redio, nikazungusha kitufe taratibu kupita makelele mpaka aliponigusa mkono. Nikashika plasta juu ya kioo.

"Hapa?"

"Kushoto kidogo."

"Hapa?"

"Kidogo tena."